Mawe Meusi Kumi na Saba

Kila alfajiri, kabla jua la Kakuma halijaanza uchokozi wake, Akeno alishuka kwenye laga akiwa na mtungi wake wa manjano. Laga ni mto usio na maji. Mvua ikinyesha mbali milimani hufurika kwa saa chache, kisha hurudi kuwa mchanga mtupu. Lakini chini ya mchanga maji hubaki, na kila boma la Waturkana lina kisima chake hapo, shimo lililochimbwa kwa mikono na kuzungushiwa matawi ya miiba. Kisima cha akina Akeno kilikuwa cha nyanya yake, na nyanya alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: ukishateka, funga miiba, maana mbuzi hana adabu.

Jumatatu hiyo Akeno alikuta miiba imelala kando. Hakuhitaji kuuliza nani aliyeiacha wazi. Jumapili jioni yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuteka, na wenzake walikuwa wakimwita waende kwenye mazoezi ya kwaya. Sasa mchanga ulijaa nyayo za mbuzi, na samadi ilielea juu ya maji. Desturi yasema kisima kikiingiwa na mbuzi kikaushwe chote, kichimbwe upya na kuachwa kitulie hadi kesho yake. Hiyo ni kazi ya asubuhi nzima. Akeno alitazama huku na huku, akaona hakuna mtu. Aliopoa samadi kwa kibuyu, akangoja tope litulie, akateka. Macho yalimwambia maji ni safi, na uvivu ukashuhudia.

Mtungi huo aliupeleka shuleni, kama kawaida yake. Shule yao ilikuwa kando ya barabara kuu, nje kidogo ya kambi ya wakimbizi, na watoto wa wenyeji na wa kambini walisomea humo pamoja. Bomba lilikuwepo, ila maji yake yalitiwa dawa ya kuua vijidudu na yalinuka dawa hiyo. Akeno na wenzake waliyaita maji ya kambi. Watu walisema yanaharibu tumbo, yanapunguza nguvu, na maneno mengine ambayo hayana baba wala mama. Kwa hiyo Akeno aliweka mtungi wake nyuma ya darasa la Gredi ya Saba, akashika kikombe, akawa malkia. Alimpa amtakaye. Watoto wa kambini hakuwapa, isipokuwa Majok na rafiki yake mmoja, kwa sababu hao walikuwa wakifunga mabao.

Siku moja bomba lilipokauka, Aluel aliomba kikombe kimoja. Aluel alikaa dawati la pili kutoka kwa Akeno. Wazazi wake walitoka Sudan Kusini, lakini yeye mwenyewe alizaliwa papo hapo kambini.

"Nenda ukanywe maji ya kwenu," Akeno alimjibu.

Aluel alimtazama, akaondoka. Hakuomba tena.

Basi, ilipofika Jumanne, matumbo yalianza kuwaendesha wanafunzi. Mmoja alitoka mbio katikati ya somo, akafuatwa na mwingine, na vyoo vya shule vikawa na foleni kama ya kupokea chakula cha msaada. Wengi walipumzika nyumbani, wakanywa maji ya chumvi na sukari, wakapata nafuu. Ewoi, mdogo wake Akeno wa Gredi ya Tatu, hakupata nafuu. Macho yalimzama, midomo ikapasuka, akawa hawezi hata kulia. Gari la wagonjwa lilimchukua pamoja na mama yake hadi hospitali ya Lodwar. Kabla gari halijaondoka Akeno alikimbia nyumbani, akajaza kidumu maji ya kisima, akampa mama kupitia dirishani. Alitaka Ewoi anywe maji anayoyajua, si maji ya watu.

Hofu ikiingia mjini, ulimi huwa wa kwanza kushika fimbo. Mtu mmoja aligundua kwamba karibu wagonjwa wote walikuwa Waturkana, na watoto wa kambini walikuwa wazima, wanacheza. Mwingine akakumbuka kwamba Adau, mama yake Aluel, huuza mandazi penye lango la shule. Maneno hayo mawili yalikutana sokoni, yakaoana, na kufikia jioni yalikuwa na watoto: Adau anawatilia sumu watoto wa wenyeji. Lokaale, baba yake Akeno, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa wazazi. Yeye alisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kesho yake vijana walikwenda langoni wakapindua karai la Adau likiwa bado motoni. Mafuta ya moto yalimwagika, yakamuunguza mguu.

Akeno aliona kwa macho yake. Alimwona Adau akianguka, akamwona Aluel akimkokota mama yake kando ya ukuta. Na tusifichane, moyo wake ulitulia kidogo. Alimfikiria Ewoi kitandani Lodwar, akasema kimoyomoyo kwamba wamestahili.

Vijana wa kambini nao hawakulala. Walirusha mawe juu ya ua wa shule, na polisi wakaja. Wazazi waliitwa mkutano siku ya Ijumaa, na kila mtu alijua Lokaale angesema nini: watoto wa kambini wote waondoke shuleni. Shule za kambini zilikuwa zimefurika, watoto wamebanana sakafuni. Kwa Aluel, kuondoka hapo kulikuwa ndio mwisho wa masomo.

Alhamisi alasiri Mwalimu Abigael aliingia Gredi ya Saba. Alifundisha hisabati, mzaliwa wa Lodwar, mwanamke mkavu asiyecheka na mtu. Darasa lilikuwa limegawanyika, wenyeji upande wa dirisha na wa kambini upande wa mlango, na katikati palikuwa na nafasi ya kupita ng'ombe. Wengi waliougua walikuwa wamerudi, wamenyong'onyea. Mwalimu aliuliza ni nani anayejua kwamba ugonjwa umeletwa na mandazi. Mikono yote ya upande wa dirisha ikainuka.

"Vizuri," alisema. "Sasa niambieni, kama si mandazi, tungeona nini?"

Hakuna aliyekuwa amelifikiria jambo hilo hata kidogo.

Mwalimu aliwatoa nje uwanjani, akachora mchangani mraba mkubwa wenye vyumba vinne. Aliwatuma walete mawe kutoka laga, meusi na meupe. Aliyeugua angeshika jeusi, asiyeugua jeupe, na walio bado nyumbani wangewekewa na jirani zao wa dawati. Kisha akawaita Akeno na Aluel wawe wahesabuji. Walipokataa kusimama pamoja aliwaambia amewachagua kwa sababu hiyo hiyo. Marafiki wangefichiana, lakini wao wawili kila mmoja angemchunga mwenzake.

Walianza na jambo lililokuwa midomoni mwa watu, wenyeji na wa kambini. Darasa lilikuwa na wanafunzi themanini, na ishirini kati yao walikuwa wameugua, yaani mmoja katika kila wanne. Mwalimu alieleza kwamba kama ugonjwa haujali mtu ametoka wapi, basi robo ya kila kundi ingeugua. Wenyeji walikuwa arobaini na wanane, kwa hiyo wangetarajiwa kuugua kumi na wawili. Wa kambini walikuwa thelathini na wawili, wangetarajiwa wanane. Akeno na Aluel walihesabu mawe meusi, wakarudia. Wenyeji waliougua walikuwa kumi na wanane. Wa kambini walikuwa wawili tu.

"Tulisema," Akeno alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Wao hawaugui. Wanajua walichotufanyia."

Upande wa dirisha ulinguruma. Mwalimu aliwaacha wangurume, akaandika mchangani kwa fimbo. Alichukua tofauti kati ya hesabu iliyotarajiwa na hesabu iliyoonekana, akaizidisha kwa yenyewe, akagawa kwa hesabu iliyotarajiwa. Alifanya hivyo kwa kila chumba, cha wagonjwa na cha wazima wa kila kundi, akajumlisha, akapata kumi. Jaribio hilo, alisema, wanahesabu huliita kai mraba, na kwa jedwali la vyumba vinne mpaka wake ni karibu nne. Vitu viwili visipohusiana, ni mara chache sana bahati peke yake itakupeleka ng'ambo ya mpaka huo. Kumi ilikuwa mbali ng'ambo.

"Uhusiano upo," alisema.

Aluel alikaza meno. Akeno alitabasamu, tabasamu la mtu aliyepewa fimbo.

"Usicheke upesi," Mwalimu akamwambia. "Uhusiano ni kama unyevu kwenye mchanga wa laga. Unakuonyesha pa kuchimba. Haukuambii utakuta nini chini. Watu hawa wanatofautiana kwa asili, ndiyo. Kwa nini kingine?"

Wakafuta mraba, wakauchora upya kwa ajili ya mandazi. Hapo nusu ya darasa walikuwa wamekula mandazi ya Adau wiki hiyo na nusu hawakula, wenyeji na wa kambini wakiwa wamechanganyika humo. Kama mandazi hayana hatia, kumi wangeugua huku na kumi kule. Walioonekana walikuwa kumi na mmoja na tisa. Mwalimu alipiga hesabu ile ile, na jumla yake ilikuwa kama robo, haikufika hata moja. Alisema hesabu hiyo haionyeshi uhusiano wowote kati ya mandazi na ugonjwa, na kwamba tofauti ndogo hivyo bahati huileta kila siku.

"Robo," alisema Aluel. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa. "Mama yangu ameungua mguu kwa sababu ya robo."

Hakuna aliyemtazama. Akeno alianza kukusanya mawe haraka haraka, kana kwamba kazi imekwisha. Hapo Majok, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa udhaifu, alisema kwamba yeye ni wa kambini, mandazi hali, na aliugua nusura afe. Mwalimu alimuuliza alikunywa maji gani.

"Ya Akeno," akasema. "Mimi na rafiki yangu. Na yeye ameugua."

Mraba ukachorwa mara ya tatu. Walioonja maji ya mtungi wiki hiyo walikuwa ishirini na wanne, na waliobaki, hamsini na sita, walikunywa ya bomba. Kama maji hayahusiki, sita wangeugua upande wa mtungi na kumi na wanne upande wa bomba. Mawe yalianza kuanguka. Akeno alihesabu meusi ya upande wa mtungi, na sauti yake ikapungua kadiri hesabu ilivyopanda. Yalikuwa kumi na saba, na jiwe lake mwenyewe lilikuwa kati ya meupe saba tu yaliyobaki. Upande wa bomba yalikuwa matatu. Mwalimu alipiga hesabu, akapata thelathini na nane na kitu, akaweka fimbo chini.

Kisha akaonyesha kwa kidole kile walichokuwa hawajakiona. Wenyeji waliokunywa bomba wengi wao walikuwa wazima kabisa, na wa kambini waliokunywa mtungi wote wawili waliugua. Ugonjwa haukuwa umeuliza mtu kabila lake. Ulikuwa umefuata kikombe, na kikombe ndicho kilichokuwa kikiuliza kabila.

"Ni bahati mbaya tu," Akeno alisema. "Mwalimu, bahati inaweza kufanya hivyo."

"Inaweza. Tuijaribu bahati."

Mwalimu alileta sufuria kubwa ya jikoni, akatia mawe yote themanini, ishirini meusi na sitini meupe. Alimwambia Akeno afumbe macho, akoroge, achote mawe ishirini na manne, kisha ahesabu meusi. Mkono uliofumbiwa macho haujui nani alikunywa nini, kwa hiyo huchota kama bahati inavyochota. Kama bahati inaweza kuleta kumi na saba, basi ingeleta. Akawaruhusu wengine waende nyumbani.

Akeno alichota akapata matano. Akarudisha, akakoroga, akapata saba. Kisha sita, kisha manne, kisha sita tena. Aluel alikaa upande wa pili wa sufuria, akihesabu baada yake, hasemi neno jingine ila moja.

"Chota tena."

Mara moja yalifika tisa na moyo wa Akeno ukaruka, lakini mara iliyofuata yakashuka hadi matano. Alichota hadi mikono ikawa myeupe kwa vumbi na vivuli vya madarasa vikavuka uwanja. Aliyataka yale kumi na saba kuliko alivyowahi kutaka kitu. Laiti yangetoka hata mara moja, kisima cha nyanya kingekuwa safi, baba angekuwa mkweli, na yeye angekuwa dada mwema wa Ewoi. Hayakutoka. Hata kumi na moja hayakutoka.

"Chota tena," Aluel alisema.

"Miiba sikuifunga," Akeno alisema. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. "Mbuzi waliingia. Niliona samadi, nikaiopoa, nikateka."

Aluel hakupandisha sauti, na ndiyo maana maneno yake yalichoma.

"Wenzangu hawakuugua kwa sababu ulitunyima. Ungetupenda, tungeugua sote."

Kisha jambo jingine likamgonga Akeno, akasimama ghafla na mawe yakamwagika kutoka mapajani mwake. Kidumu. Kile kidumu alichompa mama kupitia dirishani.

Alikimbia hadi ofisini, akamwomba Mwalimu Abigael simu, akampigia mama yake Lodwar. Mama alisema kwa uchovu kwamba madaktari wanashangaa, maana dawa ya mshipa wanampa na bado anaharisha. Alisema lakini yeye hamwachi mtoto anywe maji ya hospitali, anampa yale ya nyumbani, hata sasa amemaliza kikombe. Akeno alishika simu kwa mikono miwili. Angeweza kusema tu mama mwaga maji, bila kueleza. Lakini mama angeuliza sababu, na bila sababu asingeyamwaga, maana maji ya nyanya yake hayamwagwi ovyo.

"Mama, yana samadi," alisema. "Mimi ndiye niliyefanya hivyo. Yamwage, umwambie daktari."

Upande ule wa simu akasikia maji yakimwagika sakafuni.

Ijumaa wazazi walijaa uwanjani, wanaume wamekalia vigoda vyao vidogo, mikononi fimbo. Wazazi wa kambini walisimama kando ya lango, na Adau alikuwa miongoni mwao, mguu umefungwa bendeji. Lokaale alisimama, akaanza kusema kwamba watu wakikukaribisha huwezi kuwatilia sumu watoto wao. Alisema mengi, na watu wakaitikia. Akeno alikuwa amekesha akimwogopa baba yake. Hata hivyo alipita katikati ya vigoda hadi mbele. Baba alimwambia akae chini. Hakukaa. Alisema habari ya miiba, ya mbuzi, ya mtungi, na ya mawe ambayo hayakutaka kutoka kumi na saba, na alipofika kwenye kidumu cha Ewoi sauti ilikatika, Mwalimu Abigael akamalizia.

Wengine hawakuamini. Mzee mmoja aliuliza mawe yanajua nini. Mwalimu alijibu kwamba mawe hayajui kitu, na ndiyo uzuri wake, kwa sababu hayana mtu yanayemchukia. Afisa wa afya aliitwa, akachukua maji ya kisima akayapima, na siku chache baadaye alileta jibu: yalijaa vijidudu vya kinyesi cha wanyama. Kufikia hapo Ewoi alikuwa ameshaketi kitandani, anadai uji.

Lokaale alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mtu wa kukimbia deni. Alimpelekea Adau mbuzi mzuri, kama ilivyo desturi ya kulipia jeraha. Adau alimwangalia mbuzi, akamwangalia na mwenye mbuzi.

"Mbuzi wako nitampokea kwa ajili ya mguu," akasema. "Lakini jina langu ulilichafua kwa mdomo, mbele ya lango. Rudi ukalisafishe kwa mdomo huo huo, mahali hapo hapo."

Na Lokaale alirudi. Alisimama langoni asubuhi watoto wakiingia, akasema kwa sauti ile ile kwamba alikosa, kwamba mandazi ya Adau hayana sumu, na kwamba hakuna mtoto atakayefukuzwa. Wapo waliomsikiliza wakiwa wamenuna. Chuki haitoki siku moja, kama tope la kisima.

Jumamosi ya wiki hiyo Akeno alikaushiwa kisima na nyanya yake, yaani nyanya alikaa kivulini na fimbo huku Akeno akikausha na kuchimba peke yake tangu asubuhi. Alipomaliza alifunga miiba mara mbili.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Abigael alirudi Gredi ya Saba. Nafasi ya katikati ilikuwa bado ipo, ingawa sasa ng'ombe asingepita, labda mbuzi. Alisimama humo humo katikati.

"Wahenga walisema akipenda, chongo huita kengeza," aliwaambia. "Mimi nawaambia, akichukia, mandazi huyaita sumu. Chuki huhesabu kile inachokitaka, kisha huacha kuhesabu. Siku yoyote mtakapotaka kumshika mtu, jiulizeni kwanza, kama hana hatia, tungeona nini? Mwende mkatazame. Na mkikuta hatia iko kwenu, semeni upesi, maana kuna mtu anakunywa."

Wakati wa mapumziko Akeno alisimama kwenye foleni ya bomba kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyemsogelea. Mbele yake alikuwa Aluel. Aluel alikinga kikombe chake kikajaa, akakunywa nusu, akageuka. Hawakuwa marafiki, na uso wake haukusema vinginevyo. Alimnyooshea kikombe.

"Kunywa," alisema. "Ya kwetu."

Maji yalinuka dawa. Akeno aliyanywa yote.